Kumpelekea Mjomba Bidoni kwa Treni

Mmeniuliza wote, kanisani, kazini, hata yule jirani wa chini ambaye hajawahi kunisalimia tangu nihamie Highview, hapa Louisville: "Papa Riziki, Ulaya ilikuwaje? Tumesikia ulizunguka kwenye sikukuu za kula na kunywa!" Mnauliza huku mnacheka, maana mnajua mimi ni shemasi, pombe siigusi. Bon. Nimechoka kueleza mtu mmoja mmoja kwenye maegesho ya magari. Naandika hapa, kila mtu asome kwa wakati wake. Shule niliiacha mapema na sina hakika kama safari huandikwa hivi, lakini nitajitahidi nisimwonee mtu, wala treni.

Kwanza mjue nilifuata nini. Binti yetu Riziki amepata mchumba Buffalo, kijana anaitwa Espoir, familia yake iko Lower West Side. Watu wazuri, wanaimba kuliko sisi. Wazee waliongea, ukumbi ukapatikana. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka mtu mmoja wa nyumbani kwangu, simtaji kwa sababu ndiye ananipikia, akaweka picha ya wachumba kwenye status. Sasa Sadiki, kaka wa mke wangu, donc mjomba wa Riziki, anaishi Ubelgiji. Akaiona picha kabla hajaambiwa neno lolote. Akatuma sauti moja tu:

"Mpwa wangu anaolewa, na mi minajua kwa status kama mutu wa kupita njia? Bon. Mjomba hatafutwi kwa simu. Mukuje."

Akazima.

Kwetu binti haolewi mjomba akiwa amenuna. Sheria ya Kentucky inaruhusu, lakini mke wangu haruhusu. Riziki alilia kwa Kiingereza na kujifungia chumbani. Wazee wa Buffalo walisema kwa upole kwamba wao watasubiri, ila ukumbi hausubiri. Dawa ya mjomba aliyenuna inajulikana: anapelekewa kasiksi, pombe ya ndizi, iliyotengenezwa na mwanamke wa ukoo wake, ndani ya bidoni, yaani dumu la plastiki. Bidoni ikirudi kwa wazee wa mchumba ikiwa tupu, amekubali. Ikirudi na kitu ndani, hata kikombe kimoja, amekataa, na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Na Sadiki kazi yake ni nini? Ana gari la kuchomea nyama ya mbuzi, na majira yote ya joto anazunguka nalo kwenye sikukuu za vyakula na vinywaji. Wiki hii bia, wiki ijayo mvinyo. Nyumbani kwake hakai mpaka baridi ianze. Kwa hiyo mimi, shemasi, nilitumwa kutoa pombe Ohio na kuipeleka kwenye sikukuu ya bia. Ni kama kumtuma mtu apeleke ndoo ya maji ziwani Tanganyika, na asimwage njiani.

Highview hadi Whitehall

Whitehall, pale Columbus, Ohio, anakaa Shangazi Mapenzi. Ni shangazi wa mke wangu, kwa hiyo kwangu ni mkwe, tena mkwe mwenye uzito. Wasiojua mila yetu niwaeleze: mimi na yeye hatukai pamoja, hatuli tukionana, simpi mkono, simtazami usoni. Nikila nampa mgongo au natoka nje. Ni heshima, na nyumbani haina shida, kuna uwanja, kuna jikoni ya nje, kuna kwa jirani.

Sasa nani alifikiri watu wawili kama hao wasafiri pamoja kwenye treni za Ulaya, kwenda sikukuu za kula? Mke wangu. Alisema mjomba haendewi na shemeji peke yake, lazima mtu mzima wa ukoo awepo. Tena Shangazi anajua Kifaransa. Mimi najua Kiingereza cha kubeba maboksi. Nilijaribu kubisha, na labda sikubisha vizuri.

Nilimkuta Shangazi amemaliza kazi. Ndizi alizivundika kwenye kabati la nguo, akazikamua bafuni, akachanganya na unga wa mtama wa kukaanga. Fundi wa majengo alikuwa ameshapita mara mbili kutafuta kilichokufa ukutani. Niseme haki: ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa, lakini kilichokufa kwa furaha.

"Ingali changa," Shangazi akasema, akiitazama friji. "Itaivia njiani. Lakini inapumua, mukwe. Kila fasi munasimama, fungua kifuniko kidogo, itoe pumzi. Ukisahau, itapasuka."

"Ndiyo, mama," nikaijibu friji.

Hivyo ndivyo tulivyozungumza safari nzima. Yeye alikiambia kitu fulani, mimi nikakijibu kitu hicho hicho. Mtu wa kupita angesema tumechanganyikiwa, na sijui ningemjibu nini.

Ndege naiacha. Viti vyetu vilikuwa pamoja, nikabadilishana na mwanafunzi mmoja. Bidoni ilisafiri chini, ndani ya sanduku, imefungwa vitenge kama mtoto mchanga.

Brussels hadi Liège

Wazungu wa Ulaya wana mapenzi makubwa na meza. Kwenye treni waliweka viti vinne, viwili vinatazama viwili, katikati meza, magoti yanagusana. Tiketi zetu zilikuwa hapo: Shangazi dirishani, mimi mbele yake kabisa, pua kwa pua. Mtu aliyepanga hivyo alidhani anatufanyia wema.

Nikachukua bidoni nikaenda kusimama kwenye mlango wa choo.

Mkagua tiketi akapita, akanionyesha kiti changu kwa kidole. Nikatabasamu. Akapita tena, akanionyesha tena. Nikatabasamu zaidi. Mwanamke mmoja mwenye mbwa kwenye mkoba akaanza kunigombeza kwa Kifaransa, akimwonyesha Shangazi aliyekaa peke yake, na nilielewa bila kuelewa: unamwachaje mama yako? Watu wakageuka. Hapo Shangazi akasema maneno machache kwa sauti ya kanisani. Behewa zima likanyamaza. Mwanamke yule akaniangalia kwa huruma, akafungua mkoba, akamsogeza mbwa, akanipa vidonge viwili.

Tulipokaribia Liège nikaliuliza dirisha: "Mama, uliwaambia nini bale?"

"Niliwaambia unaharisha," dirisha likajibu kwa sauti ya Shangazi. "Ungetaka nieleze mila yetu mpaka Liège? Kuharisha banaelewa mara moja."

Na kweli, baada ya hapo nilipewa nafasi kubwa.

Mji wa bia

Kutoka Liège tulipanda kitreni kidogo cha milimani, na kikatushusha kwenye mji ambao siku hiyo wote, pamoja na polisi na nadhani pamoja na padre, walikuwa wameshika glasi. Sikukuu ya bia ni hivi: unalipia glasi, unalipia bia, halafu unatembea unalinganisha hii na ile mpaka usiweze kulinganisha tena. Mimi nilidhani sikukuu ni kama zetu, unaalikwa, unakaa, unapakuliwa. Sikula tangu Brussels ili nisiwaaibishe wenyeji. Hakuna mwenyeji aliyejitokeza.

Tulitafuta moshi wa Sadiki uwanja mzima. Moshi ulikuwepo wa kila aina, wake haukuwepo. Kijana wa viazi vya kukaanga ndiye alimweleza Shangazi kwamba mtu wa mbuzi alikuwa jirani yake, amefunga jana, ameelekea Ujerumani kwenye mvinyo.

"Na simu yake?" nikakiuliza kibanda.

"Anasema Sadiki hapokei simu akiwa kazini," Shangazi akakiambia kibanda. "Na yeye hata hapokei akiwa hana kazi."

Njaa ikatushinda. Meza zote zilikuwa ndefu na mabenchi ya pamoja, na watu wakatuvuta kwa mikono tukae, wanatugonganishia glasi. Shangazi akakaa. Mimi nikachukua pakiti yangu ya viazi nikaenda nyuma ya vyoo vya plastiki, nikageukia ukuta, nikala. Niseme haki: viazi vya Ubelgiji ni vitamu. Mpishi gani mwingine anaweza kujisifu kwamba chakula chake kililiwa nyuma ya choo na mtu akarudi kununua kingine?

Niliporudi, bidoni ilikuwa na wageni. Nilikuwa nimeiacha karibu na miguu ya Shangazi, ikaanza kupiga mluzi, na mzee mmoja mwenye ndevu, mtengenezaji wa bia, alikuwa amepiga magoti chini anainusa kwa macho yaliyofumbwa. Alitaka aonje kidogo. Shangazi akakataa. Akaomba kijiko. Akakataa. Akataka kutoa kreti nzima ya bia yake kwa kikombe kimoja.

"Mwambie iko ya mjomba," nikaiambia kreti.

"Nimemwambia. Anauliza kama mjomba ni mgonjwa."

Tulipoondoka alisimama kutupungia mkono. Mtu muungwana. Ndiye peke yake katika safari nzima aliyeiheshimu kasiksi ile tangu mwanzo, na ndiye tuliyemnyima.

Cologne, kusubiri

Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba treni za Ujerumani hazichelewi. Naona aliyesema hivyo alikuwa anatembea kwa miguu. Tulishuka Cologne kubadilisha, na ubao ukatuambia tusubiri, halafu ukatuambia tusubiri zaidi, halafu ukatuhamisha jukwaa, halafu ukaturudisha. Lakini niwe mkweli, walituomba radhi kila mara, kwa lugha mbili. Kazini kwangu sijaombwa radhi hata kwa moja.

Bidoni ilikuwa imevimba kama chura. Nikailegezea kifuniko pale jukwaani. Ikatoa sauti, *pshaaaa*, ndefu, na watu waliokuwa wamesongamana wakapatikana ghafla wako mbali. Walinzi wawili wakaja. Nikatafuta Kiingereza chote nilicho nacho, nikapata maneno matatu: juisi, ndizi, mjomba. Nikawanusisha. Mmoja akarudi hatua nyuma, mwingine akacheka, wakaenda zao.

Bibi mmoja wa Kijerumani aliyeona yote haya akanihurumia, akanikatia mkate na soseji. Nikashukuru, nikageuka nyuma ya nguzo nile, maana Shangazi alikuwa kwenye benchi upande huu. Bibi akadhani sijakipenda chakula. Akazunguka nguzo aje anione usoni. Kwa kumkimbia nikajikuta upande wa Shangazi, nikageuka haraka. Bibi akazunguka tena. Tuliizunguka nguzo ile, mimi na bibi na soseji, mpaka Shangazi akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Mji wa mvinyo

Treni ilipokuja ilitupeleka kando ya mto Mosel, milima pande zote imepandwa mizabibu mpaka juu, mahali ambapo hata mbuzi wa Sadiki angefikiria mara mbili. Tukashuka kwenye mji mdogo wenye maua kwenye kila dirisha. Hapa hawanywi tu. Wanaonja. Unamiminiwa kidogo, unazungusha, unanusa, unaweka mdomoni, unasukutua kama unapiga mswaki, halafu unatema kwenye ndoo.

Shangazi alisimama kutazama ndoo hiyo kwa muda.

"Banatema," akaliambia pipa. "Mutu amelima, amevuna, amekupa kwa mkono yake, na unatema mbele yake."

Mimi shemasi nilitakiwa kufurahi kwamba hawamezi. Lakini hata mimi niliona aibu.

Hapo akatokea msichana mwenye gauni refu na taji kichwani, watu wanampisha, wanapiga naye picha. Bibi harusi! Shangazi hakuuliza mtu. Akapiga vigelegele hivyo vyetu vya Uvira, kule Kongo, njiwa wa mji mzima wakaruka, akavua kitenge chake cha juu akamfunga msichana mabegani, akaanza kumshauri kwa Kifaransa. Msichana, bahati nzuri, alisoma Kifaransa shuleni. Nikaona anajaribu kueleza kitu, Shangazi anakataa kukielewa.

"Anasema nini, mama?"

"Anasema haolewi. Banamuchagua malkia wa mvinyo, mwaka moja tu." Akalitazama pipa kwa mashaka. "Taji bila bwana. Nilimuuliza mjomba wake alisema nini. Anasema mjomba wake ndiye anauza soseji pale."

Nacheka sasa, lakini msichana yule alivaa kitenge kile jioni yote juu ya gauni lake, na ndiye aliyetuulizia Sadiki kibanda hadi kibanda, taji na yote. Jibu likaja: mtu wa mbuzi alikuwepo, mbuzi wakamwishia, amekwenda Ufaransa, upande wa Strasbourg, kwenye sikukuu ya vitunguu.

Ya vitunguu. Nilikaa chini. Mke wangu akapiga simu wakati huo huo kutuuliza tumefika wapi, na nyuma yake nikamsikia Riziki, hasemi Kiingereza safari hii: "Papa, ukumbi wanataka jibu." Nikamwambia tuko karibu. Sikumwambia karibu na nini.

Trier, Luxembourg, Metz

Nchi tatu kabla ya chakula cha mchana. Luxembourg ilianza nikiwa natafuta kiti na ikaisha kabla sijakipata, kwa hiyo siwezi kuisema vizuri wala vibaya.

Kutoka Luxembourg nilipata kiti, cha kweli, mbali na Shangazi, bidoni mapajani. Nilikuwa nimesimama karibu Ulaya nzima. Nikafumba macho kidogo, nikiwa na nia ya kuyafumbua.

Kifuniko kiligonga dari. Kasiksi ikafuata, ikarudi, na ikaniangukia mimi. Niseme haki, haikumgusa mtu mwingine, kana kwamba inanijua. Nikaziba kwa kiganja. Mkagua tiketi akaja, akaninusa, akaniuliza swali ambalo hata shemasi anaweza kulielewa kwa Kifaransa. Nikatingisha kichwa: sijanywa. Kasiksi ikanidondoka kwenye nyusi.

Kilichoniuma ni kingine. Nikaliita dirisha lililokuwa karibu na Shangazi. "Mama, imemwagika. Kikombe, labda viwili. Sasa ikirudi tupu, itakuwa imekunywewa na mjomba au na dari?"

Shangazi akafikiri mpaka Metz.

"Iliyobaki iko nyingi," akasema mwishoni. "Kwanza tumuone."

Mji wa vitunguu

Mvua ilikuwa inanyesha. Mji ni wa zamani, nyumba za mbao zinainama kama zinasikiliza, na vitunguu vimesukwa kama nywele, vinaning'inia kila mahali. Tulifika wenyewe tumechoka hata kutafuta moshi. Shangazi nikamwacha chini ya hema, na bidoni, na sahani yake. Mimi nikanunua mkate bapa wa vitunguu, nikaenda nyuma ya mapipa ya takataka, nikageukia ukuta wa kanisa.

"Shemeki," sauti ikasema nyuma yangu. "Ulifanya nini, bakakuweka kwa takataka?"

Ni Sadiki, na aproni, na mwavuli. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Ohio. Nikasema: "Ninakula."

"Unakula ukiangalia ukuta?"

"Shangazi yuko pale."

Akachungulia. Shangazi alikuwa amegeuza kiti chake aelekee upande wa pili, asinione. Sadiki akanigeukia tena.

"Toka Louisville muko namna hii?"

"Toka Whitehall," nikamsahihisha, maana Louisville mpaka Whitehall nilikuwa peke yangu na nilikula vizuri tu.

"Kwa treni?"

"Nilisimama."

"Treni zote?"

"Hii ya Metz nilikaa kidogo. Ndiyo unaninusa."

Alicheka, halafu akajifuta uso kwa aproni, na mvua haikuwa imempata, alikuwa na mwavuli. "Mi nilisema kwa roho yangu, bale bamekuwa Bamerika. Mutu anaweka picha, mjomba ataona akiona. Nikasema, acha bakuje, nione kama bangali batu." Akanifunika mwavuli mpaka nikamaliza mkate.

Alipiga goti mbele ya Shangazi kwenye maji. Shangazi hakumhurumia.

"Umenizungusha inchi nne, Sadiki. Goti yangu moja ingali Ujerumani."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kunywa kwanza."

Akajimiminia kikombe, akanywa. Macho yakamtoka. Akajikaza, akameza.

"Shangazi," akasema taratibu, "hii iko siki."

"Whitehall ilikuwa kasiksi. Siki uliitengeneza weye, kwa kukimbia."

Akanywa cha pili. Cha tatu kilimshinda katikati, akakikohoa, akakirudia, akakimaliza akiwa amefumba macho. Akatikisa bidoni. Bado ilikuwa nzito. Tulitazamana, wanaoruhusiwa kutazamana. Moyo wake ulikwisha kubali, mtu yeyote aliona, lakini mila haipimi moyo. Harusi ya binti yangu ilikuwa imekwama kwenye koo la mtu mmoja. Nilifikiri hata mimi ninywe, na Mungu aniulize baadaye, lakini mimi ndiye niliyeileta, haihesabiki. Na sikuwa na uhakika nafikiri hivyo kwa imani au kwa woga wa siki.

Sadiki akainuka, akaibeba bidoni mpaka kwenye gari lake. Kulikuwa na karai kubwa la nyama ya mbuzi iliyokatwa, na vitunguu, sikukuu yenyewe si ni yao. Akaimimina yote juu ya nyama, akaongeza pilipili na chumvi, akachanganya kwa mikono mpaka kwenye viwiko, akafunika.

Kesho yake tulichoma. Mimi nilipewa kutunga nyama kwenye vijiti, nikiwa nimempa Shangazi mgongo, yeye alipewa kupepea, akiwa amenipa mimi. Moshi ule siwezi kuueleza. Wafaransa walipanga mstari kwenye mvua kuzunguka kanisa, wakala, wakarudi mwisho wa mstari. Mmoja alitaka kujua ni mvinyo gani uliolaza nyama. Sadiki akamwambia ni wa Ohio, na mtu yule akaitikia kwa kichwa kama anayeifahamu.

Jioni Sadiki aliipindua bidoni juu ya makaa. Tone moja likadondoka, *chwii*, basi.

"Lakini aliinywa?" nikaiuliza bidoni. "Vikombe vitatu, mama. Nyingine imeliwa na watu wa vitunguu."

"Mila inasema irudi tupu," Shangazi akaijibu bidoni. "Haikusema nani afungue mudomo."

Buffalo

Tulirudi moja kwa moja Buffalo, mimi na bidoni tupu kwenye mkono, ambayo kila mtu wa uwanja wa ndege alitaka kuichungulia. Mke wangu na Riziki walikuwa wameshafika kwa gari. Nyumba ya wazazi wa Espoir, Lower West Side, ilijaa mpaka ngazini, na hakuna aliyekuwa anaimba.

Baba yake Espoir aliipokea kwa mikono miwili. Akaipindua juu ya kiganja. Akasubiri. Kiganja kikabaki kikavu. Akainusa, akaikunja pua.

"Mjomba alikunywa hii yote?"

Ningeweza kunyamaza. Shangazi alikuwa anaitazama dari kwa nguvu zake zote, na dari ile ilikuwa inaniambia ninyamaze. Riziki alikuwa amemshika mama yake mkono. Lakini nilijiuliza, ndoa ya mwanangu nianze kuiwekea kitu ambacho nitakuwa nakikwepa kila Krismasi? Nikasema yote. Dari ya treni, siki, vikombe vitatu, karai, Wafaransa.

Watoto peke yao walikuwa wanacheza na simu kwenye kona.

"Donc," baba yake Espoir akasema polepole, "alikunywa yake mpaka ikamushinda. Iliyobaki akalisha inchi ya batu, ajili ya binti yenu."

"Na walirudi mwisho wa mstari," nikaongeza, kwa sababu ni kweli.

Akapiga kofi gotini, akacheka, na mama yake Espoir akapiga vigelegele. Shangazi akamjibu, na naona njiwa wa Buffalo nao walihama. Mke wangu akapiga simu ukumbini hapo hapo. Riziki alinirukia shingoni akaacha kulia kwa lugha zote.

Chakula kikaja, bugali, sombe, yaani kisamvu, ndakala, yaani dagaa wa kwetu, na yale mabawa ya kuku ya pilipili ambayo watu wa mji huu hawawezi kufanya jambo bila hayo. Shangazi alikuwa amekaa sebuleni, kwa hiyo nikachukua sahani yangu, kwa mazoea, nikaenda ngazini.

Ngazini kulikuwa na mtu. Espoir, mchumba mwenyewe, na suti, amesimama na sahani ya mabawa, ameugeukia ukuta. Kijana huyu amekulia hapa, mama yake akimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Nilimuuliza anafanya nini huku, watu wako ndani.

Hakugeuka. Aliujibu ukuta.

"Sori, Papa. Ulikuwa unakaa pale. Riziki ameniambia." Akatafuta neno, akalipata. "Weye iko mukwe wangu."

Nilitaka kumwambia bado ni kijana, akale na wenzake. Nilitaka kumwambia kuna ngazi za treni zenye baridi kuliko hizi. Sikujua lipi ni sawa, nikaona nisiharibu. Ila sasa, kurudi sebuleni siwezi, kuna Shangazi, na yeye kula hawezi, niko mimi. Nikashuka ghorofa moja zaidi, mpaka kwenye mlango wa chumba cha mashine za kufulia, nikaugeukia. Yeye juu, mimi chini, kila mtu na ukuta wake, nikamsikia ameanza kutafuna.

Mabawa yalikuwa yameshapoa. Niseme haki, yalikuwa matamu.